Ritifaa Katika Jina la Mwanachuo

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiswahili, kwanza shuleni na baadaye katika vyuo vya ualimu. Kila mwaka nilisimama ubaoni kuwaeleza wanachuo tofauti ya sauti mbili ambazo mgeni huzichanganya. Niliandika neno ngoa, yaani wivu, na kando yake ng'oa, kama mtu ang'oavyo kisiki. Kisha niliwaambia kwamba alama ile ndogo iitwayo ritifaa si pambo. Ukiifuta umeandika neno jingine. Sikujua kwamba karibu na mwisho wa utumishi wangu alama hiyo hiyo ingekuja kunihukumu.

Mwaka 2009 nilikuwa Mkuu wa chuo kimoja cha ualimu kusini mwa Tanzania. Tulikuwa tumepata kompyuta chache, na kwa fedha za chuo tulimlipa kijana mmoja atutengenezee programu ya kutunza alama za mazoezi na za mafunzo kwa vitendo. Mkufunzi aliingia kwa jina na neno la siri akaandika alama. Mwanachuo naye aliweza kwenda chumba cha kompyuta, akaandika jina lake la ukoo na namba yake, akaona alama zake. Tulijiona tumefika mbali. Wageni walipotembelea chuo niliwapeleka kwanza katika chumba kile, kabla hata ya maktaba.

Wiki ya pili akaja ofisini binti mmoja mwanachuo, Msukuma. Jina lake la ukoo lilianza na Ng'w, kama yalivyo majina mengi ya kwao. Akaniamkia, nikaitika, akaeleza shida yake. Kila alipoandika jina lake, mashine ilimpa ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kuna kosa. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuona alama zao.

"Andika bila hiyo ritifaa," nikamwambia.

"Lakini Mkuu, hilo litakuwa si jina la baba yangu."

"Mashine haina baba," nikamjibu, na waliokuwamo ofisini wakacheka.

Binti akaondoka. Tukamwagiza karani wa taaluma afute ritifaa katika jina lake, na katika majina ya wanachuo wengine wawili waliokuwa nayo. Mashine ikakubali. Mimi niliyewafundisha watu kwamba ritifaa si pambo nilikuwa nimeifuta kwa amri ya ofisi, na sikusikia lolote moyoni.

Miezi miwili baadaye mkufunzi mmoja alilinganisha alama zilizokuwa katika mashine na daftari lake la mkono. Wanachuo sita walikuwa wamepandishwa. Tukaitazama kumbukumbu ya programu, nayo ikaonyesha kwamba aliyezibadilisha alikuwa ameingia kwa jina la ofisi ya taaluma, saa tatu usiku. Mwenye neno la siri la ofisi hiyo alikuwa mmoja tu, yaani yule karani.

Nilimwita. Alikuwa mtu mzima, amefanya kazi chuoni kabla yangu, na mkewe alikuwa akiuza maandazi karibu na lango. Akasema, "Mkuu, mimi sikugusa." Nikamwambia kwamba mashine haisemi uongo. Nikaandika barua ya kumsimamisha kazi kwa nusu mshahara wakati uchunguzi ukiendelea. Uchunguzi wenyewe haukuendelea sana, kwa kuwa sisi tuliokuwa na wajibu wa kuchunguza tulikuwa tumekwisha kuamini.

Mwezi Januari 2010 tuliletewa mkufunzi mpya wa somo la kompyuta. Nilipomsimulia habari ile, hakuuliza juu ya karani. Aliuliza, "Mkuu, kuna mwanachuo yeyote ambaye mashine iliwahi kumkataa jina?" Nikamkumbuka yule binti. Kijana akatikisa kichwa, akaniomba nikae karibu naye mbele ya kompyuta.

Nitajaribu kukueleza, msomaji, kama alivyonieleza yeye. Mtu anapoandika jina na neno la siri, programu hutunga sentensi ya kuiuliza ghala la kumbukumbu. Sentensi hiyo ni kama hii: nitafutie mtu ambaye jina lake ni hili na neno lake la siri ni hili. Ili ghala lijue jina linapoanzia na linapoishia, programu huliweka kati ya alama mbili ndogo, moja mwanzo na moja mwisho. Alama hizo zina umbo la ritifaa ile ile. Basi binti alipoandika jina lake, ghala lilisoma herufi N na g, likaona ritifaa, likadhani jina limekwisha. Sehemu iliyobaki ya jina la baba yake ikachukuliwa kuwa ni sehemu ya amri. Kwa kuwa haikuwa amri yenye maana, ghala likakwama na kutoa ule ukurasa mweupe.

Binti hakuwa na nia yoyote. Lakini mwenye nia anaweza kuandika ritifaa kwa makusudi, kisha baada yake akaweka maneno ambayo ghala linayaelewa. Kijana akaandika jina la ofisi ya taaluma. Mahali pa neno la siri akaandika ritifaa, kisha maneno machache yenye maana ya "au moja ni sawa na moja". Sentensi nzima sasa ikawa: nitafutie mtu mwenye jina hili na neno la siri tupu, au moja iwe sawa na moja. Na moja ni sawa na moja siku zote. Mlango ukafunguka mbele ya macho yangu, nasi hatukuwa na neno la siri la mtu yeyote.

Nilimwuliza ni nani aliyebuni ujanja huo. Akacheka kwa adabu, akasema ulikuwapo kabla ya programu yetu. Baada ya kustaafu mwaka 2011 nilipata wasaa wa kusoma, na nikaona kwamba mzizi wake ni mrefu kuliko nilivyodhani.

Mzizi huo uko kwenye simu. Huko Marekani, katikati ya karne iliyopita, mitambo ya simu za masafa marefu ilikuwa ikipeana ishara kwa milio. Mlio wa mitetemo 2600 kwa sekunde uliuambia mtambo wa mbali kwamba njia iko wazi. Kosa ni kwamba mlio huo ulipita katika waya ule ule uliobeba sauti za wateja. Joe Engressia, aliyezaliwa mwaka 1949 akiwa haoni, aligundua tangu utotoni kwamba akipiga mluzi wa sauti ile simu hukatika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Florida, alipata matatizo na wakuu wake kwa kuwapigia wenzake simu za mbali kwa mluzi. Mtambo ulisikia mluzi wa mwanafunzi ukadhani ni mtambo mwenzake unaoamuru. Mwaka 1971 Ron Rosenbaum aliwaandika watu wa namna hiyo katika jarida la Esquire, na nchi nzima ikajua. Kuanzia mwaka 1976 kampuni ya simu ilianza kupitisha amri za mitambo katika njia ya peke yake, mbali na sauti za wateja. Somo likawa limepatikana: neno la mgeni lisipite njia moja na amri ya mwenye nyumba.

Katika miaka hiyo hiyo, kule California, watu wengine walikuwa wakitunga lugha ya kuulizia kumbukumbu. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili na baadaye akafanya kazi katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1970 jinsi kumbukumbu zinavyoweza kupangwa katika majedwali yenye safu na mistari, kama daftari la mahudhurio. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, wakaeleza lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa kuwa SQL. Nia yao ilikuwa njema, na mimi kama mwalimu naipenda: walitaka mtu asiye fundi wa kompyuta aweze kuliuliza ghala swali kwa maneno yanayokaribia lugha ya kawaida. Mwaka 1986 lugha hiyo ilikubaliwa kuwa ya kiwango rasmi nchini Marekani.

Zingatia hapa jambo moja. Aliyeuliza ghala katika miaka ile alikuwa mwenyeji. Alikaa ndani ya jengo la kampuni, anajulikana kwa jina na kwa mshahara wake. Angetaka kuiba asingehitaji ritifaa. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990, intaneti ilipoenea na kurasa zake zikapewa visanduku vya kujaza. Sasa mtu yeyote, kutoka nchi yoyote, aliweza kutia neno lake katikati ya sentensi ambayo hapo awali ilitungwa na mwenyeji peke yake. Watunga programu wengi waliendelea kuunga sentensi kama walivyozoea.

Tarehe 25 Desemba 1998, jarida la Phrack, linalosomwa na wapenzi wa mambo ya siri ya kompyuta, lilitoa makala ya Jeff Forristal, ambaye wakati huo alijiita Rain Forest Puppy. Ndani yake alionyesha jinsi mtu wa nje anavyoweza kubandika amri zake katika swali la SQL. Aliandika pia kwamba aliwaarifu Microsoft, na jibu lao likawa kwamba hilo si tatizo. Niliposoma hayo nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Mimi pia nililetewa habari ofisini kwangu na binti wa miaka ishirini, nami nikajibu kwamba si tatizo.

Usidhani kwamba dawa ilikuwa haijapatikana. Ilikuwapo hata kabla ya makala ile, na mwalimu yeyote ataielewa kwa mfano wa mtihani. Maswali huchapwa, yakafungwa, na mtahiniwa hupewa kijitabu cha kujibia. Lolote aandikalo katika kijitabu, hata akiandika matusi au akajitungia swali lake, haligeuzi karatasi ya maswali. Vivyo hivyo ghala linaweza kupewa kwanza swali zima likiwa na pengo. Likalisoma, likalielewa na kulifunga. Ndipo jina huletwa peke yake. Likija na ritifaa, ritifaa huhesabiwa kuwa sehemu ya jina. Kumbe programu yetu ilikuwa ikimwachia mtahiniwa aandike juu ya karatasi ya maswali yenyewe.

Dawa ikiwapo na ugonjwa ukazidi, ni lazima mtu aulize sababu. Mwaka ule ule wa 2009 uliokuwa mchungu kwetu, dunia ilitangaziwa wizi mkubwa katika kampuni ya Heartland ya Marekani, iliyopitisha malipo ya kadi za benki. Wezi walikuwa wameanza kwa kupenyeza amri za SQL katika kurasa zake za intaneti. Kadi zilizohusika zilitajwa kuwa zaidi ya milioni 130, na Albert Gonzalez alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 20. Mwezi Oktoba 2015, huko Uingereza, kampuni ya simu ya TalkTalk iliibiwa habari za wateja 156,959 kwa njia hiyo hiyo. Kurasa zilizopenyezwa zilikuwa za biashara ya Tiscali, ambayo TalkTalk iliinunua mwaka 2009. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 400,000, na mmoja wa waliokiri makosa katika mkasa ule alikuwa kijana wa miaka 17.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha mwaka 2024. Watafiti wawili wa Marekani, Ian Carroll na Sam Curry, walikuwa wakichunguza mfumo uitwao FlyCASS, uliotumiwa na mashirika madogo ya ndege kuthibitisha ni marubani gani wanaoruhusiwa kupanda na kukaa katika chumba cha rubani wakiwa abiria. Katika ukurasa wa kuingilia waliandika ritifaa moja tu mahali pa jina. Mashine ikatoa kosa, kama ilivyomtolea yule binti wetu. Wakaongeza maneno ya "au moja ni sawa na moja", wakajikuta ndani wakiwa na mamlaka ya msimamizi wa shirika moja la ndege. Waliweza kuongeza mtumishi wa kubuni katika orodha, naye akakubaliwa. Waliitaarifu serikali mwezi Aprili, na mwezi Agosti wakaandika hadharani. Mamlaka ya usalama wa usafiri ilisema kwamba haitegemei orodha hiyo peke yake kuwatambua watumishi wa ndege. Pamoja na hayo, ilikuwa imepita miaka 25 na ushei tangu makala ya Phrack, na mlango ulikuwa bado unafunguliwa kwa ufunguo ule ule.

OWASP, shirika linaloorodhesha hatari za programu za intaneti, liliweka aina hii ya kosa nafasi ya kwanza mwaka 2010, 2013 na 2017. Mwaka 2021 ilishuka hadi ya tatu. Hiyo ni nafuu, lakini mwezi Machi 2024 idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, CISA, pamoja na FBI, bado walilazimika kuwaandikia watengenezaji wa programu wakiwasihi walimalize kosa hili.

Nikiulizwa kwa nini kosa lenye dawa hudumu hivyo, nitajibu kama mtu aliyetumia maisha yake kuandaa walimu. Kosa hudumu kwa sababu hufundishwa. Mwanafunzi wa programu anataka kuona matunda haraka, na masomo mengi ya mwanzo yalimwonyesha njia fupi: chukua jina, liunge katika sentensi, uliza. Programu ikifanya kazi, mwanafunzi hupongezwa. Onyo huja katika sura za mwisho, na wengi hawafiki huko. Anayefundishwa vibaya siku ya kwanza hulibeba kosa lake kazini, na kesho yeye ndiye mwalimu wa mwingine. Nililiona jambo hili katika kuandika herufi, katika kugawanya sehemu, na hata katika kushika chaki. Kijana aliyetutengenezea programu hakuwa mwovu wala mvivu. Alifanya alivyofundishwa.

Sababu ya pili ni yetu sisi wenye ofisi. Tunaipa mashine heshima ambayo hatumpi mtu. Mwaka 2007 mchoraji wa Marekani, Randall Munroe, alichora katuni juu ya mama aliyempa mwanawe jina lenye ritifaa na amri ya kufuta jedwali la wanafunzi. Shule ikampigia simu kulalamika kwamba kumbukumbu zake zimepotea. Watunga programu huipenda sana katuni hiyo, nami niliicheka. Lakini chuoni petu mambo yalikwenda kinyume. Jina la mtoto halikukidhuru chuo. Lilikuja kutuonya bure kwamba ukuta una ufa. Badala ya kuziba ufa, tukafuta onyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkasa wetu aliyejenga ukuta alikuwa mtu mwingine. Baada ya mkufunzi yule kutuonyesha mlango, vijana wawili wa mwaka wa pili walikiri. Walikuwa wamejifunza ujanja ule kwa ndugu wa mmoja wao mjini. Nikamwandikia karani barua ya kumrudisha kazini na kumlipa nusu aliyokatwa. Alirudi, akapokea fedha zake, akafanya kazi mwezi mmoja kimya, kisha akaleta barua ya kuomba uhamisho. Niliipitisha. Siku alipokuja kuaga nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila miezi ile mitatu watu walikuwa wakinunua maandazi ya mkewe huku wakimtazama usoni. Sikuwa na la kusema.

Binti naye alimaliza chuo, akawa mwalimu. Tulikutana miaka kadhaa baadaye katika stendi ya mabasi, akaniamkia kwa furaha kama ilivyo kawaida ya wanafunzi wetu. Katika mazungumzo akanieleza, bila lawama, kwamba vyeti vyake vya shule vina ritifaa na karatasi za chuo chetu hazina. Kila anapohitaji kuthibitisha kumbukumbu zake humlazimu kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba mtu wa majina hayo mawili ni mmoja, na kila kiapo kina gharama yake.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na vyuo walioko kazini: mtu akija kukuambia kwamba mashine imelikataa jina lake, usimwambie abadili jina. Mwite fundi, muulize kwa nini. Na kumbukumbu ya mashine ikimtaja mtu kuwa mwizi, uliza kwanza kama mlango ulikuwa umefungwa, na ni nani mwingine angeweza kuingia kwa jina lake. Hayo hayahitaji elimu ya kompyuta. Karani wangu angeyauliza, lau ningempa nafasi ya kukaa kitini.

Bado ninalo daftari la mahudhurio la mwaka ule, nililoliandika kwa mkono kutoka katika orodha ya mashine. Majuzi nilililifungua nikatafuta majina matatu. Nimeyasahihisha kwa kalamu ya wino, kila moja na ritifaa yake.